Volti 48: Fundi wa Simu wa Kamina na Kazi ya Kutafuta Kasoro

Mteja hamletei fundi wa simu kasoro. Anamletea malalamiko. "Rezo (mtandao) inaenda inarudi." "Mimi namsikia, yeye hanisikii." "Jana ilikuwa nzuri, leo imekufa." "Alama zimejaa lakini simu haitoki." Fundi asiye na subira huyaona maneno haya kuwa manung'uniko tu, akafungua kifaa na kuanza kubadilisha vipande mpaka kitu kiitike. Fundi aliyekomaa husikiliza mpaka mwisho, kwa sababu kila lalamiko linaelekeza mahali pake. "Yeye hanisikii" lina maana moja kwenye simu ya waya, maana nyingine kwenye redio, na maana nyingine kabisa kwenye simu ya intaneti.

Kwa mkazi wa Katoto, hapa Kamina katika mkoa wa Haut-Lomami, jambo hili linagusa maisha ya kila siku. Tangu M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, na wenzake wakafuata, simu imekuwa kibeti. Mtandao ukizima, mama anayeuza unga hawezi kulipwa, mwanafunzi hawezi kutumiwa ada, na habari ya msiba hukaa njiani. Kipuri kisipopatikana Kamina, hutafutwa Lubumbashi, umbali wa takriban kilomita 600 kwa reli, na kila mtu wa huku anajua safari hiyo inavyoweza kuchukua muda. Kwa hiyo fundi wa Kamina anayebadilisha kadi nzima kwa kubahatisha anawanyima watu simu kwa juma zima au zaidi, ilhali pengine tatizo lilikuwa skrubu iliyolegea. Mahali penye vipuri vichache, kupima ndiko kunakookoa.

Nimeandika makala haya kwa sababu naona ujuzi unapotea. Wazee waliojua simu za waya wanastaafu na kuzikwa na maarifa yao. Vijana wanaopanda minara wanaambiwa mambo ya zamani hayawahusu. Naamini yanawahusu sana, na ushahidi wangu wa kwanza ni nambari moja: 48.

Simu ya mezani ya zamani inalishwa na kituo chake kwa volti 48 za mkondo mnyoofu. Mnara wa simu za mkononi, hata ule uliojengwa juzi, vifaa vyake vya redio kwa kawaida vinakula volti hizohizo 48 kutoka kwenye betri. Simu ya intaneti iliyo mezani ofisini, inayopata umeme kupitia waya wake wa mtandao, nayo inalishwa volti zinazozunguka 48. Kanuni za mwaka 2003 za ulishaji huo ziliweka chanzo kati ya volti 44 na 57. Teknolojia tatu, vizazi vitatu, umeme mmoja. Na katika simu za waya na minara, upande chanya ndio unaofungwa ardhini, hivyo waya unabaki hasi. Wakongwe wa telegrafu waligundua kwamba shaba iliyo chanya ikipata unyevu huliwa haraka, na shaba iliyo hasi hudumu. Fundi asiyelijua hilo atafunga betri kinyume siku moja, na mnara mzima utamjibu kwa moshi.

Kamina ni mji wa njia panda ya reli. Njia itokayo Lubumbashi kupitia Bukama inapofika hapa inagawanyika: tawi moja huenda Kananga na Ilebo, jingine hushika upande wa Kabalo, kuelekea Kalemie na Kindu. Njia ya Ilebo ilikamilika mwaka 1928 chini ya kampuni ya BCK, na kama reli zote za zama zile haikuweza kuendesha treni bila waya wa mawasiliano kando yake. Mkuu wa stesheni hakuruhusu treni itoke mpaka mwenzake wa mbele athibitishe kwamba njia ni tupu. Simu ikifa, treni husimama. Shule ya kwanza ya kutafuta kasoro ilikuwa hapo, na mtihani wake haukuwa wa karatasi.

Waya una njia chache tu za kuugua. Unaweza kukatika. Nyuzi mbili za jozi zinaweza kugusana. Uzi mmoja unaweza kugusa ardhi, au mti uliolowa, au nguzo ya chuma. Au jozi ya jirani inaweza kuvuja ndani yako, ukasikia maongezi yasiyokuhusu. Fundi anaenda kwenye kisanduku cha katikati, si nyumbani kwa mteja na si kituoni, kwa sababu katikati ndipo anapoweza kuigawa njia mara mbili. Anachomoa jozi ya upande wa mteja na kuweka multimita kwenye upande wa kituo. Akiona volti 48, njia kutoka kituoni mpaka pale ni hai, na ugonjwa uko mbele. Akiona sifuri, ugonjwa uko nyuma. Kwa kipimo kimoja ameshaitupa nusu ya njia. Anakwenda katikati ya nusu iliyobaki na kurudia. Njia ya vipande kumi na sita inamalizwa kwa vipimo vinne.

Baada ya hapo anarudisha jozi ya mteja na kuomba mkono wa simu unyanyuliwe. Volti zinapaswa kushuka kutoka 48 mpaka kama kumi au chini, kwa maana simu imeanza kunywa umeme. Zikibaki 48, simu hainywi: waya umekatika upande wa nyumbani, au kifaa chenyewe kimekufa. Zikiwa zimeshuka hata kabla mkono haujanyanyuliwa, nyuzi zimegusana mahali fulani. Tahadhari moja wazee waliirudia kila siku: usishike nyuzi kwa vidole vilivyolowa, maana mtu akipiga simu wakati huohuo, umeme wa kengele ni volti 75 hadi 90 za mkondo geu, nao utakutupa kutoka kwenye ngazi.

Kuna hesabu moja ya waya ambayo ningependa kila kijana aijue, hata kama hatawahi kupanda nguzo. Waya wa shaba wenye kipenyo cha nusu milimita una ukinzani wa karibu omu 176 kwa kila kilomita, ukihesabu kwenda na kurudi. Tuseme njia ina urefu wa kilomita 5. Jumla yake ni omu 880. Nyuzi zimegusana mahali pasipojulikana. Fundi anapima kutoka mwisho mmoja na kupata 452. Mtu wa haraka angegawanya 452 kwa 176, apate kilomita 2 na nusu na zaidi, aende kuchimba, asikute kitu. Fundi makini anapima pia kutoka mwisho wa pili na kupata 628. Anajumlisha: 1,080. Hiyo imezidi 880 kwa 200. Ziada hiyo inatoka mahali nyuzi zinapogusana, penye kutu na uchafu, nayo imehesabiwa mara mbili, moja kwa kila upande. Kwa hiyo mguso wenyewe una omu 100. Anaziondoa: 352 upande huu, 528 upande ule. Sasa jibu ni kilomita 2 kamili kutoka hapa na 3 kutoka kule. Anachukua baiskeli, anahesabu nguzo, na anaposhuka anakuta kiungo kilichoingia maji. Multimita ni ileile ya mwenzake; tofauti ni kwamba hakuridhika na kipimo cha upande mmoja.

Reli ya Katanga ilileta pia somo la pekee. Kuanzia miaka ya 1950 sehemu za njia ziliwekewa umeme wa mkondo geu wa hezi 50, na mwishowe umeme huo wa volti 25,000 ukafika Kamina. Waya wa simu unaokimbia sambamba na umeme wa namna hiyo huvuma. Dawa yake ni usawa: nyuzi mbili za jozi zikisokotwa na kuwa na ukinzani sawa kuelekea ardhini, mvumo unaingia kwenye zote kwa kiasi kimoja na kujifuta. Uzi mmoja ukianza kuvuja ardhini, usawa unavunjika na mvumo unasikika. Kwa hiyo mvumo mkali ulioongezeka treni ilipovuta ulikuwa ni kengele: umeme wa treni haukuwa na kosa jipya, bali jozi ya simu ilikuwa imeanza kuoza mahali fulani. Sheria hiyohiyo leo inaziokoa nyaya za kompyuta ofisini, zenye jozi nne zilizosokotwa. Fundi anayezifumua sentimita kumi mwishoni ili zikae vizuri kwenye plagi ameuharibu usawa huo kwa mikono yake.

Nyaya nyingi hazipo tena. Vita, umaskini wa shirika la posta na simu, na wizi wa shaba viliziondoa. Katika pengo hilo iliingia foni.

Msomaji aliyekulia nje ya Kongo huenda haijui. Foni ni redio ya masafa mafupi, ile inayorusha mawimbi angani yakarudi chini mamia ya kilomita mbele. Misheni walikuwa nayo, wafanyabiashara walikuwa nayo, mashirika ya misaada pia, na palikuwa na nyumba za foni ambako mtu alilipa ili aongee na ndugu yake wa mji mwingine kwa saa waliyokubaliana. Kila aliyekuwa kwenye masafa hayo alisikia habari za ndoa yako na deni lako, na watu walilikubali hilo kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Nina heshima kubwa kwa mafundi wa foni. Walifanya kazi na betri ya gari, paneli ya jua, waya uliofungwa kati ya miembe miwili, na ujuzi wa kichwani.

Lalamiko la kwanza la foni lilikuwa "inasikia lakini nikisema inazima." Kijana hudhani redio imeungua. Mzee huuliza kuhusu waya wa betri. Redio ya wati 100 inaposikiliza hunywa umeme kidogo sana. Inaposema hunywa kama ampea 20. Ukiiunganisha na betri kwa waya wa milimita mraba 2.5, mita 5 za kwenda na 5 za kurudi, waya huo peke yake unameza karibu volti 1.4. Betri ina volti 12.4, redio inapata 11, inazima. Waya mnene zaidi, au betri iliyosogezwa karibu, na ugonjwa umekwisha bila kufungua kifuniko. Ndiyo maana betri isipimwe ikiwa imepumzika tu. Betri iliyochoka huonyesha volti 12.5 ikiwa haina kazi na kuanguka ghafla inapopewa mzigo. Ipime wakati mtu anaongea.

La pili lilikuwa "mchana tunasikilizana, usiku kimya." Hapo hakuna kilichoharibika. Tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi hudhoofika jua likizama, na masafa ya juu yanalipenya na kupotea. Lubumbashi iko kama kilomita 420 kutoka Kamina kwa mstari ulionyooka, umbali unaofaa sana kwa megahezi 7 mchana, na kwa megahezi 3 hadi 5 usiku. Lakini antena lazima ibadilike pia. Urefu wa antena ya nusu wimbi, kwa mita, ni takriban 143 ugawanye kwa megahezi: kwa 7 unapata mita 20 na sentimita 40, nusu yake kila upande. Na kwa umbali huu haihitaji kuwa juu sana. Antena iliyofungwa chini hurusha wimbi juu wima, likarudi na kuufunika mkoa wote. Wageni waliokuja na milingoti mirefu walishangaa kusikika Ulaya bila kusikika Bukama.

Simu ya mkononi ilifika Kongo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Telecel ilianzishwa Kinshasa mwaka 1986, kwa simu ambazo ni vigogo pekee waliozimudu. Umma uliipata baadaye: Celtel mwaka 2000, Vodacom mwaka 2002, na wengine. Mwaka 2005 gazeti la New York Times lilieleza jinsi wanakijiji wa Kongo walivyojenga kibanda juu ya mti, futi 50 kutoka ardhini, ili wakamate mawimbi ya mnara wa mbali. Katanga ina vichuguu vikubwa kuliko nyumba, na watu waligundua mapema kwamba kilele cha kichuguu ni kibanda cha simu.

Fundi anapaswa kuwaeleza watu hawa ukweli mmoja unaowasumbua. Mtandao wa kizazi cha pili una mpaka wa umbali usiohusiana na nguvu ya mawimbi. Mnara hupima kuchelewa kwa sauti ya simu yako kwa hatua za kama mita 550, na hatua zinaishia 63. Ukizidisha unapata kilomita 35. Mtu aliye kwenye mwinuko kilomita 40 kutoka mnarani anaweza kuona alama kwenye kioo, akapiga, na simu ikakataa kila mara. Simu yake ni nzima, kadi yake ni nzima, inite (muda wa maongezi) zipo. Yuko nje ya saa ya mnara. Hakuna antena ya kununua itakayomsaidia, na anayemuuzia antena hiyo anamla pesa.

Kwa walio ndani ya umbali huo, alama za kioo ni kipimo kibovu. Simu nyingi zina ukurasa wa kuonyesha nguvu kwa desibeli, kwa nambari hasi. Karibu na hasi 70 ni nzuri. Hasi 100 ni dhaifu. Hasi 110 mtu yuko ukingoni. Kila tofauti ya desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu. Paa la bati, ukuta wa matofali ya kuchoma na miti iliyolowa vinaweza kula desibeli kumi na zaidi, hivyo kutoka ndani na kusimama barazani kunaweza kuwa sawa na kuuongezea mnara nguvu mara kumi.

Lakini nitasema wazi kile ninachoamini kuhusu minara ya huku: ugonjwa wa redio ni nadra kuliko ugonjwa wa umeme. Mnara usio na gridi unaishi kwa jenereta, paneli na betri. Kiangazi, kuanzia Mei, vumbi linaziba vichujio vya hewa na paneli zinavaa koti jekundu. Betri iliyozoea kuachwa na nusu ya chaji inapoteza uwezo kidogo kidogo bila kupiga kelele. Kisha inakuja siku ambayo mnara unazima saa tisa usiku na kuwaka saa mbili asubuhi, na mteja anaripoti kwamba "rezo inalala." Malalamiko yenye saa maalumu karibu kila mara ni ya umeme. Fundi auandike muda kamili kabla hajapanda kitu chochote.

Mvua zinapoanza, huja radi. Kongo ya mashariki ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa zaidi na radi duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa takwimu za setilaiti uliitaja Kabare kuwa ya kwanza Afrika na ya pili duniani, kwa zaidi ya mapigo 200 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka. Haut-Lomami haifikii hapo, lakini dhoruba zake zinatosha kuua vifaa. Kinga ni waya wa ardhini. Lengo la kawaida ni ukinzani usiozidi omu 5, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaupima mwezi wa Februari, udongo ukiwa umelowa, wanaandika 4, wanaondoka. Mwezi wa Septemba udongo umekauka, kipimo kimepanda mara kadhaa, na dhoruba ya kwanza ya msimu inakuta mlango wazi. Pima mwisho wa kiangazi. Na kabla ya kupima, angalia kama waya wenyewe upo. Waya wa shaba wa ardhini ndio wa kwanza kuibwa, kwa kuwa ukikatwa hakuna kinachozima. Mnara unaendelea kuongea kama kawaida mpaka radi ije. Ukisikia ngurumo ukiwa juu, shuka. Hakuna mteja anayestahili maisha yako.

Minara ya mbali inaungana na dunia kwa dishi la setilaiti. Setilaiti hiyo imetulia kilomita 35,786 juu ya ikweta, na sauti inayopanda na kushuka inachelewa karibu robo ya sekunde. Swali na jibu huchukua nusu sekunde au zaidi, ndiyo sababu watu huongea kwa kugongana. Hiyo si kasoro. Mvua kubwa ikikata mawasiliano kwa dakika kadhaa halafu yakarudi, nayo si kasoro ya dishi, hasa kwa masafa ya megahezi 12,000 hadi 14,000, ambayo matone huyameza. Na kuna ugonjwa wa tatu unaowachanganya hata wenye vyeti. Siku chache baada ya tarehe 20 Machi, na tena siku chache kabla ya 22 Septemba, jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti likitazamwa kutoka Kamina. Dishi linatazama jua moja kwa moja, na kelele zake zinaifunika sauti. Mawasiliano yanakatika kwa dakika chache, saa ileile, siku kadhaa mfululizo, kisha yanajiponya. Fundi asiyejua atalizungusha dishi kulitafuta tatizo, na hapo ndipo atakapolileta tatizo la kweli.

Simu ya intaneti imeingia kwa mlango wa WhatsApp, na maofisini kwa vifaa vya mezani. Lalamiko lake maarufu ni lile la upande mmoja: mimi namsikia, yeye hanisikii. Kwenye simu ya waya ungetazama kinywa cha simu. Hapa mara nyingi kifaa hakina kosa. Simu ya ofisini inayotumia itifaki ya SIP hutuma maagizo kwa njia moja, kwa kawaida mlango 5060, na sauti kwa njia nyingine kabisa. Maagizo yanapita, simu inaita, inapokelewa. Kisha ruta inayobadilisha anwani za ndani kuwa anwani ya nje inashindwa kujua sauti inayorudi iipeleke kwa nani, au ukuta wa usalama unaifungia nje. Tazama ni upande gani hausikii: sauti inapotelea kwenye ruta ya huyo. Katika ruta nyingi kuna kipengele kinachojidai kusaidia SIP kwa kuyabadilisha maagizo yake njiani. Kukizima huponya wengi.

Sauti inayokatika vipande ina vipimo vyake. Kuchelewa kwa upande mmoja kusizidi milisekunde 150 kama unataka maongezi yaliyo huru. Kanuni za kimataifa zinaweka ukomo wa 400. Vifurushi vinavyopotea visizidi kimoja katika mia. Na kuchelewa kusiyumbe sana, kwa maana sauti inavumilia kuchelewa kuliko inavyovumilia kuyumba. Pima asubuhi na mapema, pima tena jioni wakati kila mtu yuko mtandaoni. Asubuhi nzuri na jioni mbaya ni msongamano, na dawa yake ni kuipa sauti kipaumbele ndani ya ruta au kubana sauti yenyewe: mbinu ya G.711 inakula karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, wakati G.729 inatosheka na takriban 31. Asubuhi mbaya na jioni mbaya ni waya, plagi, au Wi-Fi iliyojazana kwenye chaneli moja na majirani. Chomeka kwa waya. Ikipona, umeshajua.

Mpaka hapa msomaji ataona kwamba fundi wa intaneti anafanya alichofanya mtu wa reli: anaigawa njia katikati. Anajaribu kuifikia ruta ya ndani, kisha kifaa cha mtoa huduma, kisha anwani ya mbali. Ikijibu ya kwanza na isijibu ya pili, anajua wapi pa kusimama.

Kitu kimoja kinaniuma. Makampuni yanakuja na timu kutoka mbali, zinatengeneza, zinaondoka na vipimo vyao kwenye kompyuta zao. Fundi wa hapa, anayeamshwa usiku na majirani, haachiwi hata karatasi. Ningetaka kila mnara, kila dishi na kila kisanduku kiwe na daftari lake, ndani ya mfuko wa plastiki, limeandikwa kwa lugha ambayo mlinzi pia anaisoma: tarehe, saa, hali ya hewa, volti za betri ikiwa na mzigo, omu za ardhini, kilichoguswa na kilichobadilishwa. Kipimo cha mtambo ukiwa mzima kina thamani zaidi kuliko vipimo kumi vya mtambo mgonjwa, kwa sababu bila hicho cha kwanza hujui umetoka wapi. Mamlaka ya ARPTC inayosimamia mawasiliano nchini inaweza kulidai jambo hili, na halina gharama zaidi ya kalamu.

Haja hiyo inaongezeka sasa. Huduma ya intaneti ya setilaiti ya Starlink, iliyopigwa marufuku nchini mwaka 2024, ilipewa leseni mwezi Mei 2025. Setilaiti zake zinapita chini, kilomita 550 hivi, kwa hiyo kuchelewa kwake ni kudogo kuliko kwa zile za ikweta, na wenye uwezo wataweka madishi hayo juu ya mapaa ya Kamina, Katoto ikiwemo. Fundi atakayeitwa kuyafunga afanye hesabu mbele ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta. Dishi la namna hiyo linakula kama wati 75, mchana na usiku. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake: zimebaki 600. Gawanya kwa 75, unapata saa nane. Jua likizama saa kumi na mbili jioni, intaneti itazima saa nane usiku, kila usiku, na asubuhi mwenye nyumba atapiga simu kulalamika kwamba setilaiti ni mbovu. Betri ziwe mbili, au ruta na dishi vizimwe watu wanapolala. Mwenye nyumba achague mwenyewe, na alichochagua kiandikwe kwenye daftari.